Katuni za Baba na Uongo wa Mzungu

Waridi linalokatwa kabla halijachanua halinukii waridi. Linanukia majani mabichi, harufu ileile inayotoka ukipasua ganda la njegere kwa ukucha, na hiyo ndiyo harufu ya mama yangu katika kumbukumbu zangu zote za Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Alikuwa akifanya kazi pakihausi, lile banda baridi ambamo maua hupangwa kwa urefu na kufungwa kabla ya kusafirishwa, na hata angeoga vipi, vidole vyake vilirudi nyumbani vikinukia hivyo. Baba yeye alinukia sabuni. Alikuwa mpiga dawa katika shamba hilohilo, na wapiga dawa walilazimika kuvua ovaroli zao na kuoga kabla ya kutoka langoni, kwa hiyo kila jioni alifika nywele zake zikiwa bado na maji, akinukia sabuni kali ambayo sisi nyumbani hatukuwa nayo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Ungenifunga macho kwa leso ningewatambua wazazi wangu kwa pua tu, na nisingekosea. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ni pua yangu iliyogundua kwanza kwamba chumbani kwetu kulikuwa na uongo.

Tuliishi katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, kila familia chumba chake, kamba za nguo katikati na bomba moja la maji karibu na lango. Umeme ulikuwa mali ya mwenye ploti. Keateka, mwangalizi wa ploti, aliuwasha jioni na kuuzima asubuhi, isipokuwa Jumapili, ambapo aliuacha mchana kutwa, kwa heshima ya siku yenyewe alivyodai, ingawa sote tulijua anataka kusikiliza mpira redioni. Sisi ndio tuliokuwa na televisheni. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, na antena yake Baba aliirefusha kwa waya na kifuniko cha sufuria. Kila Jumapili baada ya kanisa watoto wa ploti nzima walijazana chumbani kwetu, wengine kitandani, wengine sakafuni, wengine wakichungulia mlangoni, kwa sababu saa nane mchana ilianza katuni ya familia ya nungunungu: baba, mama na watoto wawili, wakiishi chini ya mizizi ya mti mkubwa mahali ambapo mvua haikuwa na matope. Tatizo lilikuwa Kiingereza. Kile tulichokijua sisi kilitamkwa polepole na mwalimu aliyesimama mbele ya ubao. Nungunungu hawa walikizungumza kupitia puani, mbio, kama watu wanaofukuzwa.

Kwa hiyo Baba alitutafsiria. Aliketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliopinduliwa, mgongo ukutani, akawapa wanyama wale Kiswahili cha Karagita. Nungunungu baba alizungumza kwa sauti ya keateka, kwa kikohozi chake na kile kitisho chake cha kukata umeme. Nungunungu mama alizungumza kama Mama Brayo, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke aliyeweza kugombana na mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kuacha kufua. Siku moja Mama Brayo mwenyewe alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akauliza, "Baba Nanjala, huyo mama wa miiba mbona anaongea kama mimi?" Baba akamjibu bila kugeuza shingo, "Ni wewe. Walikuja kukurekodi ukiwa bombani." Tulicheka hadi picha ikakatika na mtu akatumwa nje kugeuza kifuniko cha sufuria. Sikujua bado kwamba Baba mwenyewe alielewa labda nusu ya yale maneno. Nusu nyingine aliitunga.

Msimu ninaousimulia ulianza baada ya Krismasi, na kwetu uliitwa Valentaini. Wengine huhesabu Valentaini kuwa siku moja ya wapendanao, mwezi wa Februari. Karagita ni majuma sita au saba, tangu mwanzo wa Januari, ambapo kila mtu mwenye mikono miwili anahitajika shambani. Mama aliondoka kabla ya mapambazuko na kurudi tukiwa tumeshakula, hata Jumapili. Na ni katika majuma hayohayo Baba alipoacha kunukia sabuni. Nilimkumbatia jioni moja nikasikia harufu ya nguo, ya jasho la kawaida, ya moshi wa jiko letu la makaa. Nilimwuliza Mama. Akaniambia, huku akikunja leso yake, kwamba Baba yuko likizo.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa Karagita ataona mara moja pale Mama alipokosea. Hakuna anayepewa likizo wakati wa Valentaini. Watani wa ploti walisema hata mwanamke mwenye mimba humwomba mtoto asubiri hadi Machi. Angeniambia kwamba Baba amehamishiwa zamu ya usiku, ningeamini. Angesema amepelekwa kozi, ningejivunia. Nafikiri alichoka tu, akachukua neno la kwanza lililokuwa karibu. Lakini neno likishatamkwa mbele ya watoto haliwezi kurudishwa, na baada ya siku mbili hivi chumba chetu chote kiliishi ndani ya likizo hiyo. Dada yangu Neema, aliyekuwa na miaka mitano, hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Baba alimtengenezea wanasesere wa magunzi ya mahindi, akamfundisha kupiga mluzi, akampeleka ziwani kuona viboko kwa mbali. Mimi nilikuwa na maswali.

"Likizo yako inaisha lini?" nilimwuliza.

"Maua yakiisha."

"Maua hayaishi, Baba."

"Basi na likizo haiishi," akasema, akacheka, na Neema akapiga makofi.

Kwa kuwa sikupata jibu nilianza kutazama. Niliona kwamba Baba anashika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye baridi, ilhali chumba kilikuwa na joto. Niliona kwamba asubuhi, Mama akidhani tumelala, ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Niliona pia jambo la chai. Usiku akirudi kazini, Mama alikuwa akimmiminia Baba nusu kikombe, kisha anasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Maziwa yameisha, leo ni nusu nusu." Mimi nilikuwa nimekaa upande wa jiko na niliweza kuona ndani ya sufuria. Chai ilikuwa imejaa. Nilijisikia kama mtu aliyekabidhiwa mzigo bila kuambiwa ni wa nani wala unapelekwa wapi, na ninakumbuka kwamba nilianza kuamka mapema kuliko lazima ili nihesabu pumzi za Baba.

Kisha ikaja ile Jumapili. Mama alikuwa pakihausi, watoto walikuwa wamejazana kama kawaida, na Mama Brayo alikuwa nje akianika nguo, mlango wetu ukiwa wazi. Katika katuni ya siku hiyo nungunungu baba alianza kupoteza miiba. Ilidondoka mmoja mmoja, kitandani, mezani, njiani, naye akawa anavaa kofia pana na koti ili watoto wake wasione. Watoto wakamwuliza mama yao kwa nini baba anavaa koti juani. Nungunungu mama akamvuta mumewe pembeni, wakanong'onezana, na katika mnong'ono ule nikasikia neno moja nililolijua vizuri sana. Lilikuwa neno la Kiingereza la kusema mtu ni mgonjwa. Kila mtoto wa shule yetu alilijua hilo kabla ya kujua majina ya rangi, kwa sababu ndilo lililokupa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Baba akatafsiri. "Mama anasema, watoto, msimsumbue baba yenu. Baba yuko likizo."

"Aaaah," watoto wakaitikia.

Kwanza nilidhani amekosea. Halafu nikamwangalia, nikaona kwamba macho yake hayakuwa kwenye televisheni. Yalikuwa kwa Neema. Neno lilisemwa mara ya pili, wazi zaidi, na Baba akasema likizo kwa mara ya pili, kwa sauti ya Mama Brayo, na watoto wakacheka. Ndipo nilipojua. Baba alikuwa amenificha ugonjwa wake kwa majuma matatu bila kuteleza, kisha katuni ikamfichua, kwa sababu alilazimika kuweka uongo wetu mdomoni mwa mnyama ambaye mimi nilimsikia akisema vingine.

"Baba, hajasema likizo," nikasema.

"Amesema nini basi, mwalimu?"

"Amesema baba ni mgonjwa. Na hawataki watoto wajue."

Brayo, aliyekuwa darasa moja nami na hakupenda kushindwa, akanigeukia. "Wee Nanjala, sasa unajua Kizungu kushinda babako?"

Baba aliacha televisheni, akanigeukia. "Haya, tafsiri wewe," akasema. "Mimi nimechoka."

Nikatafsiri. Siwezi kudai kwamba nilifanya hivyo kwa huzuni. Nilikuwa na kiburi cha mtoto wa miaka kumi aliyegundua kwamba ana uwezo ambao mtu mzima hana, na pale nisipoelewa nilibuni kama alivyobuni Baba. Mtoto wa nungunungu aliokota mwiba chini ya meza, akalia, akamwambia mama yake kwamba amemdanganya. Nungunungu mama akainamisha kichwa, akajitetea kwamba ilikuwa waiti lai tu. Hapo nikasita kidogo. Lai nililijua, ni uongo. Waiti ni nyeupe, lakini uongo unakuwaje mweupe? Kwetu, mtu ukimwita mweupe unamaanisha hajui kitu. Ila waiti pia ni mzungu, na wazungu tuliwafahamu, ndio waliopita na magari marefu wakielekea kwenye mashamba. Nikaamua.

"Anasema ulikuwa uongo wa mzungu tu."

Chumba kilipasuka. Mama Brayo aliacha nguo zake akaja hadi mlangoni, mikono ikidondosha povu. "Wa mzungu! Kwani sisi wetu uko wapi? Hata uongo wametupokonya!" Baba alicheka hadi akashika ubavu, akacheka hadi kicheko kikageuka kikohozi, na kwenye televisheni familia ya nungunungu ilikuwa imeshakumbatiana, kwa uangalifu kwa sababu ya miiba, na muziki wa mwisho ukaanza. Yote yalichukua dakika ishirini na kitu. Uongo, mwiba, machozi, msamaha, matangazo ya biashara.

Ndipo Neema akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna maji ya kunywa, "Baba, na likizo yako ni ya mzungu?"

Mama Brayo alitazama uso wa Baba mara moja tu, akaelewa, akaanza kuwatoa watoto. "Haya nyote nje, katuni imeisha. Brayo, toka, usinitolee macho." Tulibaki watatu. Baba alizima televisheni, akakaa tena juu ya mtungi, akanyoosha mikono yake mbele yetu, viganja chini. Ilikuwa ikitetemeka. Kutetemeka kwenyewe hakukuwa kukubwa, kulikuwa kama kwa kifuniko cha sufuria maji yanapokaribia kuchemka. Alituambia kwamba wapiga dawa hupimwa damu kila baada ya muda, na kwamba damu yake imepatikana na dawa ya maua, kwa sababu siku za joto alizoea kushusha barakoa ili apumue. Ameondolewa kazi ya kupiga dawa. Ameandikiwa karatasi ya kwenda hospitali kubwa Nakuru. "Si likizo," akasema. Neema akaweka mikono yake miwili juu ya mikono ya Baba, akaikandamiza ili itulie.

Mimi niliuliza swali ambalo nadhani ndilo lililobadilisha mambo. Niliuliza, ulienda Nakuru lini? Hakuwa ameenda. Tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ilikuwa imepita, na karatasi yenyewe ilikuwa chini ya godoro. Mwanzoni ile likizo ilitungwa kwa ajili yetu sisi watoto, lakini naye alihamia humohumo. Mgonjwa huenda hospitali. Mtu aliye likizo hutengeneza wanasesere na kwenda kuona viboko. Kila asubuhi alipoamka na kusikia Neema akimwita mtu wa likizo, karatasi ile ilisogea mbali kidogo, naye akaendelea kutetemeka huku akicheka.

Mama alirudi gizani, akasikia yote kutoka kwa Mama Brayo kabla hajafika mlangoni, akanikasirikia. "Nani alikutuma?" akaniuliza. Nikamwambia ni katuni. Alikaa kitandani bila kuvua viatu, vidole vikinukia njegere, akasema jambo ambalo sijalisahau: "Nilitaka angalau mmoja wetu humu ndani alale usingizi." Kesho yake hakwenda kazini, katikati ya Valentaini, jambo lililohitaji maelezo marefu kwa msimamizi. Alimpeleka Baba Nakuru. Daktari alisema wangechelewa zaidi, mishipa ya mikono isingerudi kabisa. Ilirudi kiasi.

Leo ninaishi Nakuru hiyohiyo, na ninaendesha maisha kwa kuwapa wanyama wa katuni maneno ya Kiswahili. Nilisoma isimu chuo kikuu, nikawachosha wahadhiri kwa maswali, na sasa nina meza kwenye chumba cha ghorofani ambamo tunatafsiri katuni za watoto na kuzirekodi kwa sauti zetu. Katuni za familia zimejaa uongo wa aina ile. Samaki wa mtoto amekufa, wazazi wananunua mwingine anayefanana naye. Bibi amepika keki mbaya, kila mtu anasema ni tamu. Baba amepoteza kazi, lakini kila asubuhi anatoka na mkoba wake. Wazazi wengine hutuandikia kwamba tunafundisha watoto kudanganya. Wengine hutupongeza kwamba tunafundisha upole. Mwenzangu wa kurekodi sauti, kijana mcheshi anayewaigiza babu wote, huniambia, "Dada, katuni ni katuni, usilete mahakama hapa." Mimi naleta mahakama, kwa sababu naamini pande zote mbili zinatazama mahali pasipofaa. Zinabishana kama uongo ule ni mtamu au mchungu unaposemwa. Mimi nauliza nani anaufichua, na anapoufichua yuko na nani.

Ndani ya katuni mtoto hakai na mwiba mkononi zaidi ya dakika tatu. Mwandishi anajua watoto wanatazama, kwa hiyo anamleta mama haraka, anamfanya aombe radhi, anamaliza kwa kumbatio. Uongo wa namna hiyo hauna madhara kwa sababu umekatiwa muda wake tangu mwanzo. Nyumbani hakuna anayeukatia muda. Mtoto huona sufuria imejaa chai, husikia kwamba maziwa yameisha, na hubaki na mambo hayo mawili kichwani peke yake, kwa majuma, akilinda siri ambayo hakuna aliyemwomba ailinde. Na aliyeusema uongo, akishausema mara za kutosha, huhamia ndani yake na kuweka karatasi ya hospitali chini ya godoro. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na sijaona bado katuni iliyonifanya niibadilishe.

Neema pekee ndiye anayenitia shaka. Nilipomsomea hoja hii alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yale majuma matatu ndiyo anayoyakumbuka kuliko yote ya utoto wake. "Nilikuwa na baba mchana kutwa," aliniambia. "Wewe ulikuwa unahesabu pumzi, mimi nilikuwa najifunza mluzi. Usiniambie kwamba niliumizwa." Ninachoweza kumwambia ni kwamba mluzi wake na usingizi nilioukosa mimi vilitoka kwenye uongo uleule.

Mwaka huu tuliletewa katuni ambamo mama mmoja wa sungura anatamka maneno yaleyale, waiti lai. Msimamizi wetu alipendekeza tuandike uongo mweupe. Nilikataa. Niliandika hivi: "Nilikudanganya usije ukalia." Ni maneno mengi zaidi na mwigizaji alilazimika kuharakisha, lakini mtoto wa Karagita atayaelewa bila kuhitaji baba wa kumtafsiria.

Nilipoenda Ndabibi, ambako wazazi wangu wamekodi shamba na kupanda kabichi na vitunguu tangu walipoacha maua, nilibeba kompyuta ili Baba aione kazi hiyo. Tuliketi nje ya nyumba, Neema akiwa jikoni, Mama akichambua mboga. Baba alitazama hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na mzungu wangu umempeleka wapi?" Tulicheka sote. Nikaitumia nafasi hiyo kumwuliza kliniki walisema nini safari hii.

"Wamesema niko sawa," akajibu.

Kutoka jikoni Neema akapaza sauti, "Baba, tafsiri vizuri!"

Ni msemo wetu, umetumika nyumbani kwetu tangu Jumapili ile, na huwa hauna pa kukwepea. Baba akakuna shavu, akatazama kabichi zake. "Wamesema mkono wa kushoto hautarudi tena kama zamani," akasema. "Wamesema nisibebe debe la maji." Akaongeza, "Na leo asubuhi nimebeba mawili."

Mama aliweka mboga chini, akaenda kuyachukua madebe yote mawili na kuyaingiza chumbani kwake. Nikachukua birika, nikammiminia Baba nusu kikombe, kiasi ambacho mkono wake unakibeba bila kumwaga. Hakuna aliyesema maziwa yameisha. Akanywa, akanirudishia kikombe, nikammiminia nusu nyingine.